Kompyuta 40 za maabara zinakufa kila muhula, tununue mpya au tuhamie Linux?

"Nimekabidhiwa maabara ya kompyuta ya idara yetu hapa chuoni. Mashine ziko 40, aina mbili tofauti, nyingi bado zina diski za zamani zile za kuzunguka na RAM ya GB 4. Kila muhula ukianza tunakesha tunapiga Windows upya moja baada ya nyingine, na muhula haujafika katikati nusu yake zimeshakuwa nzito, zimejaa virusi vya fleshi, na zingine tarehe inarudi nyuma zinakataa kulogini. Mkuu wa idara anasema zimezeeka, tuombe bajeti ya mpya. Mwenzangu mmoja anataka tuweke antivirusi kali na tufunge fleshi zote. Mwingine anasema tununue seva moja kubwa mashine zote ziitegemee. Mimi nafikiria Linux. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, pole na kazi, na nashukuru umeeleza kwa kirefu maana humo ndani kuna dalili ambazo mtu akikwambia tu "kompyuta ni nzito" huwezi kuziona. Mkuu wako na hao wenzako wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na wewe pia, ila hakuna suluhisho hata moja kati ya hayo manne ambalo likifanywa peke yake litakutoa hapo. Mkinunua 40 mpya leo halafu mkaziendesha hivyo hivyo mnavyoendesha hizi, baada ya mihula miwili utaniuliza tena swali hili hili.

Ninachokiona mimi ni kwamba kila mashine yenu ina maisha yake. Moja ina programu ambayo mhadhiri fulani aliiomba mwaka juzi, nyingine ina mafaili ya mtu anayeandika tasnifu kwa hiyo hakuna anayethubutu kuifomati, nyingine kuna mtu alijipa haki za adimini akabadilisha mambo na hajulikani ni nani. Kompyuta ya maabara ya chuo inatakiwa isiwe na kitu cha thamani ndani yake na isiwe na kitu chake peke yake, mwanafunzi akikaa popote akute kilekile, na ikifa we unaitoa unaweka nyingine na hakuna anayelia. Wala si wazo jipya, MIT walianza nalo mwaka 1983 kwenye mradi wa Athena wakiwa na DEC na IBM, mafaili ya mtu yanakaa kwenye seva, mtu analogini kituo chochote anakuta mazingira yake, na kituo kikiharibika hakuna kinachopotea. Kerberos, ule mfumo ambao hadi leo domeini ya Windows (mpango wa seva moja kusimamia akaunti na sera za mashine zote) inautumia kujua huyu anayelogini ni nani, ulizaliwa kwenye mradi huohuo. Kwa hiyo mengi nitakayokwambia hapa chini yanarudi kwenye hilo moja, kuiondolea mashine upekee wake.

Lakini kabla ya hapo tumalize hiyo ya tarehe kurudi nyuma, maana ni ya kushika leo hii na inaweza ikawa ndiyo inawatesa kuliko hata virusi. Fungua kasha la mojawapo, kwenye mazabodi utaona betri ya duara kama kitufe, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuitembeza saa na, kwenye mashine nyingi za umri huo, kutunza mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows) wakati mashine haina umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, pawasaplai bado inapeleka umeme kidogo na betri inapumzika. Sasa maabara nyingi jioni wanazima swichi kuu ya ukutani ili kuokoa umeme, hapo betri ndo inafanya kazi usiku kucha na likizo nzima, kwa hiyo zinaisha mapema na zinaisha karibu pamoja kwa sababu zilinunuliwa pamoja.

Betri ikiisha tarehe inarudi miaka kadhaa nyuma, na hapo vinaanza vituko ambavyo watu wanavipa majina mengine. Tovuti zinakataa kufunguka, brauza inasema muunganisho si salama, kwa sababu cheti cha tovuti kimetolewa "mwaka ambao bado haujafika" kwa mujibu wa hiyo saa. Ukiwa na domeini kulogini kunagoma, kwa sababu Kerberos kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa ya mashine na ya seva. Na usitegemee Windows ijirekebishe yenyewe kutoka kwenye intaneti, maana mashine ambayo haipo kwenye domeini kwa kawaida inakataa kusahihisha saa iliyokosea zaidi ya masaa 15. Halafu kuna hili ambalo linaumiza zaidi: BIOS ikirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, namna ya kusoma diski inaweza kubadilika, ikatoka AHCI ikaenda IDE au RAID, na Windows ikiwaka inatoa skrini ya bluu. Mtu akiona hiyo anasema Windows imekufa, anaipiga upya, kumbe ilikuwa ni kurudisha neno moja kwenye BIOS. Nina uhakika sehemu ya zile siku mnazokesha inaenda huko.

Kwa hiyo chukua mita ya umeme upime, ikisoma chini ya kama volti 2.8 hiyo imekwisha, ila kwa mashine za rika moja mi ningebadilisha zote 40 kwa mpigo. Piga picha kurasa za BIOS kabla hujachomoa betri ya zamani ili ujue cha kurudisha. Ni kazi ya mchana mmoja kwa watu wawili na ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote nitakayotaja.

Tuje kwenye virusi. Mwenzako ana nia njema ila kufunga fleshi zote kwenye maabara ya wanafunzi hakufanyi kazi kama anavyodhani. Mwanafunzi ana kazi yake kwenye fleshi, mhadhiri ana data za zoezi kwenye fleshi, ukizifunga wataanza kutafuta njia ya kuzunguka na wewe utakuwa mlinzi wa mlango badala ya kuwa fundi. Na antivirusi kali kwenye mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, hiyo yenyewe ndo inakuwa uzito mpya. Antivirusi inayokuja na Windows inatosha, muhimu iwe inasasishwa.

Fikiria kirusi kinahitaji nini ili kikae. Kwanza kinahitaji ruhusa ya kuandika mahali pa maana kwenye mfumo, na pili kinahitaji kile kilichoandikwa kiwepo bado mashine ikizimwa na kuwashwa. Vinyime hivyo viwili utakuwa umefanya zaidi ya antivirusi yoyote. La kwanza ni rahisi, hakuna mwanafunzi wala mhadhiri anayelogini na akaunti ya adimini, hakuna, hata yule mhadhiri mkali, akitaka programu inaingizwa na nyie. La pili ndo watu wengi hawalijui: kuna programu zinazofanya mashine irudi ilivyokuwa kila inapowashwa. Deep Freeze ya Faronics ni maarufu kwa hilo, Windows za Enterprise na Education zina kitu chake kiitwacho Unified Write Filter ambacho hulipii zaidi ila Pro haina, na Ubuntu kuna overlayroot.

Zinavyofanya kazi ni kwamba kila kinachoandikwa kwenye diski kinapelekwa pembeni, kwenye RAM au sehemu maalum ya diski, na programu zinaona kama kimeandikwa kweli. Ni kama umetandika plastiki ya kuona juu ya ramani, watu wanachora juu ya plastiki, jioni unaivua ramani iko vilevile. Kirusi kimeingia saa nne asubuhi, mashine ikarebuti saa sita, hakipo. Mwanafunzi kafuta folda asiyoijua, akirebuti imerudi.

Ila usiwashe hicho kitu Jumatatu asubuhi bila maandalizi, maana kina meno yake. Kubwa kabisa, mafaili ya wanafunzi nayo yanapotea, na mwanafunzi aliyesevu ripoti yake kwenye desktopu akakuta patupu hatakusamehe. Lazima pawepo mahali pengine pa kuweka, ama folda ya kila mtu kwenye seva, ama akaunti ya wingu ambayo chuo kimewapa, ama angalau patisheni moja (kipande cha diski) ambayo haijagandishwa, yaani hiyo programu ya kurudisha mashine haiigusi, na hiyo ya mwisho iandikwe wazi kwamba ni ya muda na inasafishwa. Weka picha ya nyuma ya desktopu yenye maneno makubwa: USISEVU HAPA, ITAFUTIKA UKIZIMA. Pia Unified Write Filter ikiachwa ilivyo inatumia RAM na kikomo chake ni GB 1 tu, kikijaa mashine inaanza kugoma, kwa RAM ya GB 4 hilo litakupata haraka, kwa hiyo ihamishie kwenye diski na uongeze ukubwa.

Na kama mashine ziko kwenye domeini kuna mtego mmoja ambao umewatoa jasho mafundi wengi. Kila mashine ina paswedi yake ya siri na seva ya domeini, na kwa kawaida inaibadilisha yenyewe kila siku 30. Mashine iliyogandishwa inabadilisha, seva inaandika mpya, mashine inarebuti inarudi kwenye ya zamani, na kuanzia hapo wanaambiwa uhusiano wa kuaminiana kati ya mashine na domeini umevunjika. Mashine 40 zinaweza kukatika ndani ya wiki moja na kila mtu akaapa ni virusi. Dawa yake ni kuzima hayo mabadiliko ya paswedi kwenye sera za domeini kwa mashine za maabara, ama utumie programu ya kugandisha inayolijua tatizo hili. Na masasisho ya Windows nayo yatengewe muda, mfano usiku mmoja kwa wiki mashine zinajifungua, zinajisasisha, zinajigandisha tena.

Sasa hilo la kupiga Windows moja moja, naomba muhula huu uwe wa mwisho. Unaandaa mashine MOJA vizuri, kila programu ndani, kila mpangilio, unaijaribu, halafu unaichukua picha nzima ya diski, hiyo ndo tunaita imeji, na unaimwaga kwenye zingine kupitia kebo ya mtandao. Clonezilla na FOG zote ni za bure na zinafanya hivyo. FOG inakaa kwenye seva ndogo, hata kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa inatosha, mashine zinawaka kupitia mtandao kwa PXE, zinajisajili, na wewe unaziamrisha ukiwa umekaa.

Kitu cha kuelewa hapo ni tofauti ya kutuma kwa kila mmoja na kutuma kwa wote kwa pamoja. Chukulia imeji yako imebanwa ikawa GB 30. Kebo ya gigabiti inapitisha karibu MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo nakala moja ni kama dakika 5. Ukiituma mara 40 kila mashine na yake, zote zinagombania mlango mmoja wa seva na unaongelea karibu masaa matatu. Ukituma kwa multikasti, mkondo ni mmoja na wote wanasikiliza, kwa hiyo muda ni ule ule wa mashine moja, ukiongeza kwamba diski za zamani zinaandika taratibu sema dakika 15 au 20. Maabara nzima! Ila multikasti inakwenda kwa mwendo wa yule mbovu kuliko wote. Kebo moja yenye waya uliokatika ndani itashuka kutoka megabiti 1000 hadi 100, kwa sababu gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya na ile ya 100 inaridhika na mbili, na hapo mashine 39 zinamsubiri mmoja. Kabla hujaanza pitia taa za swichi ya mtandao (kile kisanduku kinachounganisha kebo zote) au ukurasa wake wa usimamizi, kila mlango unaosoma 100 badilisha kebo. Utashangaa ni ngapi.

Kabla ya kuchukua imeji ya Windows lazima uipitishe kwenye Sysprep, ambayo inaondoa vitambulisho vya ile mashine ili kila nakala ikiamka ijitengenezee vyake. Ukiruka hatua hiyo utapata matatizo ya ajabu kwenye domeini na kwenye masasisho. Aina zenu mbili za mashine msijilazimishe imeji moja, tengenezeni mbili, diski ya kuzihifadhi ipo na akili yako itapumzika. Na andika kwenye faili la kawaida kila ulichoweka humo, toleo gani, leseni ipi, kwa sababu muhula ujao utaitengeneza tena na kumbukumbu haitakuwepo. Kuhusu leseni, programu zilizokrakiwa msiziweke kabisa kwenye imeji. Achilia mbali sheria, hizo krak ndo mlango wa virusi vyenyewe, na ukiweka moja kwenye imeji umeigawa mashine 40 kwa mkono wako.

Bajeti. Mkuu wako yuko sahihi nusu. Uzito mnaousikia kwa sehemu kubwa ni diski. Diski ya kuzunguka inaweza kujibu maombi madogo madogo kama 100 hivi kwa sekunde, na Windows ikiwaka inaomba maelfu, wakati SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) hata ile ya bei ya chini inajibu makumi ya maelfu. Weka SSD na RAM ifike GB 8 (angalia ni DDR3 au DDR4 maana haziingiliani, na mna aina mbili) halafu mwonyeshe mkuu mashine mbili zimewekwa pamoja, moja iliyobadilishwa na moja bado, ziwashe kwa pamoja mbele yake. Hilo litakuombea pesa kuliko barua.

Ila kuna kikomo hapo na sitaki kukuficha. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo kwa upande wa Intel kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Angalia mashine zako ziko upande gani wa mstari huo. Zikivuka, SSD na RAM, songa mbele. Zisipovuka, kuna ujanja wa kuilazimisha Windows 11 iingie, lakini Microsoft wenyewe hawaahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na mi kwa maabara ya watu wengi siwezi kukushauri ujengee juu ya kitu kama hicho. Hapo ndo wazo lako la Linux linakuwa na nguvu ya kweli.

Linux kwa mashine hizo itakwenda vizuri na utaitunza kwa urahisi kuliko Windows. Lakini usianze na wewe unachopenda, anza na kinachofundishwa. Zunguka kwa wahadhiri wote wanaotumia hiyo maabara uandike kila programu. Kama ni Python, R, QGIS, LibreOffice, GNU Octave, uko nyumbani. Kama kuna AutoCAD au ArcGIS Pro hizo hazina toleo la Linux, na mwanafunzi anayetahiniwa kwa programu fulani hastahili kupewa "inayofanana nayo" kwa sababu tu maabara imeona hivyo ni rahisi. Kuweka mifumo miwili kwenye kila mashine pia inawezekana, lakini ni kazi mara mbili ya kusasisha na ile uliyoiacha usiku inakuwa siyo uliyoikuta asubuhi, sikushauri. Afadhali ugawe: mashine za aina moja zenye nguvu zaidi zibaki Windows kwa masomo yanayoihitaji, zile za zamani ziwe Linux, na mlango wa maabara uandikwe ipi ni ipi.

Seva moja kubwa, hapa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna ule mpango ambao mashine ya mezani ni skrini na kibodi tu na kazi yote inafanyika kwenye seva. Unavutia kwenye karatasi, ila darasa la takwimu watu 40 wakibonyeza kuendesha modeli kwa dakika moja, wote wanapanga foleni kwenye prosesa zile zile, na seva ikianguka katikati ya mtihani wameanguka wote. Tena mna mashine 40 zenye prosesa na RAM zake, kwa nini mziache zikae bure. Mpango wa pili ni mashine inawaka kutoka mtandaoni ikachukua mfumo kwa seva lakini kazi inafanya yenyewe. LTSP ya Linux inafanya hivi, imeji inakaa sehemu moja, ukisasisha pale kesho yake zote ni mpya, hakuna hata haja ya diski ndani. Kwa zile za Linux huu ni mpango mzuri sana, mradi mtandao uwe wa kebo, swichi ya gigabiti, na pawepo seva ya pili ya akiba yenye imeji ileile hata kama ni kompyuta ya kawaida. Wi-Fi usiitegemee kwa mashine za mezani, hewa wanaigawana wote, wakianza pamoja inakaba.

Nikiwa hapo kwenye mtandao, funga kabati la swichi kwa kufuli. Mtu akichomeka kebo moja ncha zote mbili kwenye swichi ya kawaida, ujumbe unaanza kuzunguka bila kikomo na maabara nzima inakata, hata idara jirani. Dawa yake ni ya tangu mwaka 1985, Radia Perlman ndiye aliyebuni spanning tree, njia ya swichi kuugundua mzunguko huo na kuufunga, na swichi yoyote inayosimamiwa inayo, hakikisha tu imewashwa. La pili ni mtu kuleta ruta yake ndogo ya Wi-Fi akaichomeka, nayo ikaanza kugawa anwani kwa wengine. Ukiona mashine chache hazina neti na anwani zake hazifanani na za wenzake, tafuta ruta chini ya meza kwanza. Swichi yenye DHCP snooping (ulinzi unaoruhusu anwani zigawiwe na seva yako tu) inalizuia hilo moja kwa moja.

Umeme na joto vinasahaulika mpaka vitu viungue. Chukua mashine na skrini yake ni wati 100, 40 ni wati 4000, kwa umeme wa volti 230 hizo ni ampea 17 na zaidi kidogo, haziwezi kuning'inia kwenye laini moja ya soketi na ekstensheni zilizounganishwa moja nyuma ya nyingine. Na hizo wati zote zinageuka joto. Mtu aliyekaa naye anatoa karibu wati 100, kwa hiyo chumba kikijaa una kilowati 8, ambazo ni kama BTU 27,000 kwa saa, bado jua la dirishani. Viyoyozi viwili vya BTU 12,000 havitoshi. Joto likizidi prosesa inajipunguza mwendo yenyewe, na hapo tena utaambiwa kompyuta ni nzito mchana ila asubuhi ziko sawa. Kila likizo fungua makasha, puliza vumbi nje ya chumba, na ushike feni kwa kidole isizunguke ukipuliza maana ikizungushwa kwa kasi inaharibika. UPS (kile kisanduku chenye betri ya akiba ya umeme) weka kwa seva na swichi kwanza, na printa ya leza usiichomeke humo kamwe, inavuta umeme mwingi ghafla inapopasha moto.

Kuhusu kuanzia wapi. Wiki ya kwanza betri na kebo mbovu, na kila mashine ibandikwe namba inayoonekana na liwepo daftari moja mezani, namba, tarehe, tatizo, kilichofanyika. Daftari hilo ndilo litakuonyesha kwamba mashine tatu zinazosumbua zote ziko kwenye soketi moja. Kisha pita kwa wahadhiri uchukue orodha ya programu. Kisha seva ya FOG na imeji ya aina moja, ijaribu kwenye mashine mbili kwa wiki nzima na wanafunzi halisi kabla hujaimwaga. Kugandisha kuje baada ya mahali pa kuhifadhia mafaili kuwa tayari. SSD ziingie kadiri pesa inavyopatikana, ukianza na safu moja kamili badala ya kuzitawanya. Na tenga mashine mbili au tatu nzima za akiba zikae kabatini zikiwa na imeji tayari, ili kipindi kikiendelea uwe unabadilisha mashine, ukarabati uufanye baadaye kwa utulivu.

Kuna mambo usiyashike mwenyewe. Ukigusa kasha la chuma ukahisi umeme unatekenya vidole, waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, haupo au umekatika. Zima hiyo safu uite fundi umeme mwenye sifa, na usikubali kuambiwa ni kawaida ya kompyuta. Hivyo hivyo breka inayojikata kila darasa likijaa, soketi yenye alama ya kuungua, harufu ya plastiki. Betri ya UPS iliyovimba itolewe bila kutobolewa na ipelekwe panapopokea taka za aina hiyo, kwa kawaida zinadumu miaka 3 hadi 5 hivi. Pawasaplai usiifungue hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna kapasita zinazobaki na chaji. Ukifika kwenye kuunganisha domeini yako na mfumo mkuu wa akaunti za chuo, kaa meza moja na watu wa TEHAMA wa chuo kabla hujagusa kitu, mara nyingi tayari wana seva na leseni ambazo idara hazijui kama zipo. Na kwenye zile mashine zenye tasnifu za watu ambazo mnaogopa kuzifomati, watangazieni wenyewe wachukue mafaili yao kwa tarehe maalum, mhakikishe yamefunguka mahali pengine, na kama diski yoyote inagonga gonga au inatoa mlio, izime hapo hapo, usiiwashe tena kujaribu, mpe anayefanya kazi ya kuokoa data.